Kadi ya Mfuniko Bado Iko Katikati

Somo yangu mpendwa,

Nakusalimu kwa salamu zote za huku, na safari hii nakuomba usinijibu "salama". Najua ndivyo tulivyolelewa, wewe Pemba na mimi Tanga: ukiulizwa habari unasema nzuri kwanza, hata kama nyumba inaungua nyuma yako, kisha ndipo unaomba maji. Lakini wewe maji huombi. Ndiyo maana naandika hapa kwenye kundi letu la simu la mradi, mbele ya mwenzetu Hoza, ambako tumezoea kuandika mambo ya kazi tu.

Unakumbuka siku tuliyopangwa timu? Mwalimu wa mradi alisoma majina, akafika Asha, tukasimama wawili. Akasema basi, Asha wa Tanga na Asha wa Pemba, kaeni pamoja msinichanganye. Ukaninong'oneza, "Yakhe, tushakuwa somo," na toka hapo sijakuita tena kwa jina lako. Hoza tuliongezewa kwa sababu hakuna timu iliyomtaka kijana wa Lushoto anayevaa sweta na joto lote hili la Raskazone.

Mwalimu hakutaka tujifungie muhula mzima tukitengeneza programu ndipo tumwoneshe mteja. Mtindo wa ajaili, alisema, ni kutengeneza kipande kidogo, unampelekea mwenyewe, anakukosoa, unarekebisha, unaongeza kingine. Kila wiki mbili kipande, na hizo wiki mbili tukaziita sprinti kama wakubwa. Kila asubuhi timu inasimama mbele ya ubao, kusimama kweli, ili maneno yasirefuke, na kila mmoja anajibu maswali matatu: jana umefanya nini, leo utafanya nini, na nini kimekukwamisha. Ubao ulikuwa na safu tatu, Bado, Inafanywa na Imekwisha, na kila kazi ilikuwa na kikaratasi chake cha njano tulichokiita kadi. Sheria ya kadi uliitunga wewe, siku Hoza alipojitia kukusogezea yako. "Kadi ya mtu huisogeza mwenyewe," ulimwambia. "Aliyekwama aonekane amekwama."

Mteja wetu alikuwa Bi Tatu wa Makorora, anayekodisha vyombo vya shughuli: masufuria ya pilau, mikeka, maturubai. Alitaka simu imkumbushe chombo gani kiko kwa nani, maana aliwahi kuahidi sufuria moja kwa harusi mbili na hadi leo mama wa bibi harusi mmoja hamsalimii. Kila tulipompelekea kipande aliangalia kidogo, akasema, "Mashaallah, wanangu, zuri kweli," kisha akatuwekea vibibi na chai. Mimi na Hoza tulikuwa tunarudi vichwa vimetuvimba. Wewe ulingoja bajaji ikaribie chuoni, ukasema, "Hajaipenda. Kaisifu hata hajafika mwisho. Ana haya na sie, anatuona watoto wa watu."

Safari iliyofuata hukumuuliza anaionaje. Ulikaa naye mkekani, ukamsaidia kuchambua mchele, ukamwambia, "Bi Tatu, tuseme hii si yetu. Kaletewa jirani yako, yule mwenye maturubai mapya. Ungemcheka wapi?"

Bi Tatu akavaa miwani. Akaishika ile simu kama anaiona kwa mara ya kwanza.

"Huyo jirani? Kwanza maandishi yake kama chawa, nani atayaona. Halafu imeandika sufuria imerudi. Imerudi na mfuniko au imerudi kichwa wazi? Watu wa mji huu sufuria hurudisha, mfuniko wakabaki nao. Mie sufuria bila mfuniko ya nini, nikaogeshee watoto?"

Alituchambua kuliko ule mchele, chai ikapoa. Tulipokuwa tunavaa viatu akasema, "Mngeniuliza hivyo toka mwanzo. Ningewaambiaje watoto kazi yao mbaya, nao wamekuja na jua lote hili?"

Nilicheka njia nzima. Siku ile uliandika kadi mpya kwa mkono wako, "Mfuniko umerudi?", ukaibandika kwenye Inafanywa, na chini yake ukaandika Asha P. Mwalimu tulipomsimulia alivua miwani akatwambia kumsikia mteja anayekusifu ni kazi ngumu kuliko kuandika programu yenyewe. Alikuwa anakutazama wewe.

Asubuhi uliyoondoka ulisimama nasi ubaoni kama kawaida, na ushungi wako wa kijani. Jana umefanya nini, ukasema. Leo je, ukasema utaendelea na mfuniko. Nini kimekukwamisha? "Hakuna, alhamdulillahi." Ilipofika adhuhuri godoro lako bwenini lilikuwa limekunjwa na wewe uko njiani kwenda kupanda boti. Tulikuja kujua baadaye kwa mtu wa kwenu kwamba baba yako alikuwa amepata kiharusi, na kwamba wewe ulijua toka juzi yake. Mama yako ni marehemu, wadogo zako bado wadogo, kwa hiyo wa kumgeuza baba kitandani ni wewe. Sikulaumu, somo. Nimeirudia asubuhi ile kichwani nikitafuta neno ambalo ningekuuliza ukanijibu vingine, na silioni.

Toka hapo kila nikikupigia unasema, "Hatujambo. Baba hajambo. Nyie hamjambo?" Nami najibu hatujambo, nauliza wadogo zako, wadogo zako hawajambo, unaniuliza Bi Tatu, Bi Tatu hajambo. Salamu zinakwisha na sijui kitu.

Jumapili iliyopita nikajaribu dawa yako mwenyewe. Nikakwambia, "Tuseme si wewe, somo. Tuseme ni jirani yako hapo Wete, msichana mwenye baba mgonjwa, kaacha chuo njiani. Yeye angesema kakwama wapi?"

Ulicheka kidogo. Kisha nikasikia kuku, nikasikia mtu anakohoa ndani. Ukasema polepole, "Huyo jirani kachoka, yakhe. Babake hamjui tena. Humwita kwa jina la marehemu mamake." Ukaongeza, "Na yeye huitika."

Ukasema mtandao mbaya. Simu ikakatika, na tangu siku hiyo haipatikani.

Nilidhani nikishajua nitaweza kufanya jambo. Ndivyo tulivyofundishwa, kwamba kikwazo kikishatajwa timu inagawana. Hiki nimemtajia Hoza, tukakaa nacho kwenye ngazi za maktaba, tukashindwa kukigawana. Dawa ya kiharusi sina. Siwezi kumshika baba yako upande mmoja ili wewe upumzishe mgongo. Siwezi hata kukuitikia pale anapoita. Nina jina lako, lakini silo analoliita.

Na Ijumaa inakuja, somo. Ijumaa ndiyo siku ya kuonesha mradi, na kila mtu anajieleza kwa kipande chake. Asiyejieleza anarudia mwaka. Hoza alikwenda kukuombea ruhusa kwa Mwalimu, na sweta lake, jasho linamtoka, yeye ambaye darasani hata mkono hanyooshi. Akarudi mbio kwa furaha: Asha wa Pemba anaweza kujieleza kwa simu, maneno machache tu, jinsi mfuniko unavyofanya kazi. Kazi yako uliiacha karibu imekwisha, na inafanya kazi, Bi Tatu ameshamkamata mtu nayo. Mlango umefunguliwa, na mimi sina njia ya kukwambia kwamba umefunguliwa. Ujumbe wa Hoza una tiki moja. Wangu una tiki moja. Na huu nao najua utakaa hapo na tiki yake moja.

Bi Tatu kila nikienda ananiuliza yule mpole yuko wapi. Mwisho nikamwambia. Akasema, "Mficha uchi hazai," kwa ukali, kama anakugombeza uko mbele yake, kisha akajifuta macho kwa upindo wa kanga. Akaniuliza kama baba yako anaweza kumeza uji. Sikujua, somo. Nilisema nadhani anaweza.

Mwalimu anataka ubao uwe safi kabla ya Ijumaa. Kadi zote ziko kwenye Imekwisha isipokuwa yako. Hoza aliinyooshea mkono jana, akaurudisha mfukoni mwenyewe.

Leo asubuhi tulisimama ubaoni wawili, tukaacha nafasi yako katikati. Hoza akaniuliza maswali yangu. La kwanza nikajibu, la pili nikajibu. La tatu nilifungua mdomo nikasikia natamka, "Hakuna, alhamdulillahi." Hoza akatazama sakafu. Ilipofika zamu yake, naye akasema hivyohivyo.

Basi nakujibu wewe ambaye hukuniuliza. Nimekwama, somo. Nimekwama na sijui la kufanya.

Ukiwasha simu, mimi usinijibu kama huwezi. Lakini mfikishie salamu huyo jirani yako. Mwambie Ijumaa tutaiweka simu mezani mbele ya Mwalimu na hatutaizima mpaka watutoe. Mwambie kadi yake hakuna aliyeigusa. Na akiitwa tena kwa jina la mamake, aitike tu, hapana ubaya. Ila asisahau kwamba na yeye ana jina, na huku Tanga yupo anayelitumia.

Nakuaga nikiwa nimesimama,

Somo yako,
Asha wa Tanga