Nani Atanishikia Kamba

4 Machi

Dada,

Kisima cha mtaa wetu kilifungwa Jumanne, tarehe 28 Februari, saa nne asubuhi, na habari nimeipata kwa dereva wa lori, si kwako. Hasira imetangulia, salamu zinafuata: hujambo? Magoti ya mama je? Hapa karakana sote wazima, tunapinda vyuma.

Dereva anasema watu wananitaja mimi. Mimi! Niliyetoka hapo na begi moja, nikajifunza kuchomelea peke yangu! Nilipiga hesabu tu. Nyumba thelathini na moja, kila nyumba mtu mmoja, saa tatu za kuzoa tope kila mwezi: saa tisini na tatu. Kibarua niliyemleta kwenye zamu yetu alisema kisima chote ni kazi ya saa kumi. Majirani wakaniiga. Sasa kosa langu liko wapi?

Mdogo wako

11 Machi

Mdogo wangu,

Barua yako haina shikamoo, lakini marahaba. Mama mzima, goti la kushoto ndilo linalolalamika, kama wewe.

Hesabu yako ilisahau kamba. Anayeshuka kisimani hushikiwa kamba na mtu wa nyumba nyingine, ndivyo tulivyolelewa. Unakumbuka mama na fundi cherehani walivyonuniana? Zamu ikafika, mama akamwambia, "Shika vizuri, nikidondoka utamsengenya nani?" Wakacheka, yakaisha. Kibarua wako hakuwa na wa kumwamini. Alizoa matope ya ukingoni, akaenda zake. Vibarua wa wenzako vilevile.

Na kwa kuwa hatukukutana tena, mwenye nyumba ya juu alipochimba choo hatua kumi na mbili kutoka kisimani, hakuna aliyemwambia kitu. Tungemwambia lini? Watoto saba wameharisha. Mmoja bado amelazwa.

Nilikuficha jambo. Mwaka mzima wa kwanza, kibarua akishaondoka, mama alikuwa akishuka mwenyewe, fundi cherehani akimshikia kamba. Mama aliwaambia watu kwamba wewe ndiye uliyemwomba, kwa kuwa unaona haya. Hukumwomba. Wala haya hukuona.

Choo kinafukiwa. Jumamosi tarehe 6 Mei tunashuka upya, kila nyumba mtu wake, kibarua marufuku. Mama ameshajiandikisha.

Dada yako

15 Aprili

Mdogo wangu,

Hujambo? Wiki tano kimya. Mtoto ametoka hospitali, ila miguu bado haina nguvu. Mama ameshusha viatu vya mpira kutoka darini. Nimemwambia ana miaka sabini na moja. Akasema, "Kwani nyumba hii ina mtu mwingine?"

Dada yako

29 Aprili

Dada,

Shikamoo, na ile niliyoiruka Machi uipokee pia. Mtoto ameanza kutembea?

Barua nne nimeandika nikazichana. Kila moja ilianza na hesabu, basi nayo hii hapa: tope lilitaka saa kumi. Zile themanini na tatu zilikuwa za watu kutazamana usoni. Hizo ndizo nilizofuta, nikajisifu.

Kuna lingine, hata mama halijui. Siku nilipomleta kibarua, fundi cherehani alikuwa ameshafika kisimani, kamba mkononi, akinisubiri mimi. Nikamwambia, "Kaka, kamba mfungie mbuzi, sisi wengine tuna kazi." Waliokuwepo wakacheka. Akaikunja taratibu, kama akunjavyo kitambaa cha mteja, akaondoka. Na huyohuyo ndiye aliyemshikia mama yangu mwaka mzima, asinitaje. Nikilikumbuka hilo natamani ardhi ipasuke.

Mama asishuke. Mfute, uniandike mimi. Usiwaambie naleta pampu ya kuvuta tope, siileti. Kina ni mita kumi na moja, nami sasa nina kilo tisini na nne, kwa hiyo fundi cherehani asijibu kwa huruma. Nenda dukani kwake, umuulize mbele ya wateja, kwa maneno haya haya: atanishikia kamba? Usinipambie jibu. Ndiyo au hapana, kabla ya Alhamisi tarehe 4, saa kumi jioni.

Mdogo wako