Kunguru wa Shangazi Sulabha

Mpendwa Dada Hemlata, naomba unisaidie kabla ya Jumapili maana kamati inakutana, na mimi ndiye katibu wa chama cha wenye nyumba katika jengo letu hapa Pune, na sheria inayonitesa niliiandika mwenyewe, kwamba ni marufuku kulisha ndege madirishani, maana njiwa walituchafulia kila kitu na mtoto wa Ketkar wa ghorofa ya pili ana kifua kibovu, tukainua mikono sote, na majirani wengine wameshatozwa faini wakalipa bila neno.

Shida ni Shangazi Sulabha, anayekaa juu ya akina Ketkar. Mumewe Mzee Yashwant, aliyenifundisha kuendesha baiskeli, alifariki kabla ya mvua, na siku ya kumi tulipoweka matonge ya wali mtoni kunguru walikaa mtini wakitutazama tu, na maana yake unaijua dada, marehemu huja kwa umbo la kunguru, na asipokula ana jambo limemkaa rohoni, wanawe wakaahidi hili na lile, wapi, kuhani akachoka, ndipo nikajikuta nasema mimi, "Mzee, nenda kwa amani, Shangazi nitamwangalia," na papo hapo kunguru akashuka akala, watu wote wakiona.

Tangu hapo kila asubuhi, kabla hajatia kitu kinywani, Shangazi anaweka wali na mtindi dirishani, kunguru anakuja, na njiwa nyuma yake, na uchafu wote unashukia kwa Ketkar. Nilimpelekea karatasi ya onyo akanicheka kwa upole, akasema, "Niandikie faini mwanangu, usione haya. Lakini nikiacha kuweka hapa, atajuaje kama nyumba ni hii?" Ketkar naye kanisimamisha ngazini: "Wengine faini, shangazi yako tabasamu. Ndiyo sheria gani hiyo, katibu?" Nimewaza nimlipie kimyakimya, lakini moyo unakataa, maana nikimtoza nimemgeuka marehemu na nikimwacha mtoto anakohoa, nifanyeje dada yangu?

Prabhakar, katibu aliyechoka

*

Kaka Prabhakar, pole. Una moyo mzuri, ila unautumia vibaya.

Huo mpango wa kulipa kimyakimya uache leo. Njiwa watabaki palepale, mtoto atakohoa vilevile, na wewe utakuwa umejinunulia usingizi tu. Ketkar ana haki. Kabla ya Jumapili nenda kamwombe radhi, na usianze na "lakini".

Halafu Shangazi. Mtu kafiwa, wewe unamgongea mlango na karatasi? Hata chai hukukaa kunywa? Amekueleza shida yake waziwazi, nawe ukasikia neno faini peke yake. Mama huyu hagombani na sheria yako. Anaogopa mumewe asije akapotea njia. Rudi, kaa, muulize habari za mzee, umwache aseme hadi atosheke. Kisha mwambie ukweli: dirishani basi, na atakayerudia atalipa, awe nani.

Sheria uliyoandika inasema madirishani. Paa ni la wote. Iombe kamati kona moja, upande usioelekea kwa Ketkar, kwa ajili ya wali wa marehemu tu, na kunguru akishakula pafagiwe papo hapo. Wakiuliza nani atafagia, nyoosha mkono wewe. Kama magoti ya Shangazi hayawezi ngazi, mshike mkono mpande polepole. Mtoni uliahidi kumwangalia, hukuahidi kumfutia faini, na kumwangalia mtu ni kazi ya miguu.

Asubuhi ya kwanza nawe usile kitu. Pandeni, aweke wali kwa mkono wake, kisha useme kwa sauti, kama ulivyosema siku ile: "Mzee, tumesogea juu kidogo. Nyumba ni ileile, na Shangazi yuko nami." Halafu kaeni mngoje. Atakuja.