Samaki Wanono wa Mjomba Nyaga

Runyenjes, Aprili

Mama mpendwa,

Hamjambo huko Kianjai? Huku mvua imekazana na matope yanatuvua viatu, lakini kinachonisikitisha ni kidimbwi cha ndugu yako, Mjomba Nyaga.

Samaki wake walikuwa wamedumaa kwa kula pumba za mahindi pekee. Afisa wa samaki akamwambia achanganye lysini, unga wa kujenga mwili, kwa kuwa mahindi yana lysini kidogo mno. Wakanenepa ajabu! Sokoni mama mmoja akauliza siri yake, na Mjomba, unavyomjua, akaeleza yote kwa furaha.

"Kumbe anawapea dawa!" yule mama akatangaza. Basi, hakuna aliyenunua tena.

"Si dawa," aliniambia jana. "Ni ile kitu maharagwe inaongezea mahindi kwa githeri. Afadhali ningenyamaza." Kisha akawamwagia pumba tupu, ili watu warudi kununua. Samaki wakamkimbilia kwa furaha ile ile ya zamani. Mjomba akageuza uso.

Nimewakumbuka sana nyote. Na ukipika githeri, Mama, usiwapunguzie watoto maharagwe.

Binti yako,
Kananu