Habu za Mbele

Jumamosi, Matogoro

Bado siamini kama Landrova ya kaka imepanda kile kilima cha Mpitimbi na magunia yote yale.

Kruza yangu, petroli, injini kubwa, gia otomatiki, ilishaishia katikati kwa tairi zangu zilizokwisha. Ya kaka ni dizeli kuukuu, gia za mkono. Alishuka, akainama, akazungusha habu za magurudumu ya mbele kwa mkono ili nayo yavute. Akaweka gia ndogo. Ikapanda polepole, wala hakukanyaga mafuta.

Halafu moyo ukaniuma. Mwaka ule nilipoiazima kuwapeleka wakwe zangu shamba, ilinasa hapohapo. Nilivuta gia ya fowili tu, ile ya kuendesha magurudumu yote manne, habu sikuzigusa, sikujua kama zinafungwa. Nikatangaza mjini kwamba gari ya kaka mbovu, mbele haivuti. Watu wakaacha kuikodi. Baadaye nilikuja kujua kosa ni langu, nikakaa kimya. Miaka yote hiyo.

Leo nimesema. "Kaka, nisamehe. Siku ile habu sikufunga."

"Najua. Nilipokuja kukuvuta nilizikuta wazi."

"Sasa mbona ulinyamaza, watu wakaicheka gari yako?"

Akafuta matope kwenye suruali, akanitazama kama vile nimeuliza swali la kitoto.

"We bwana mdogo, wakwe zako si walikuwa wamesimama pale? Ningesemaje?"