Miaka Kumi Nje ya Soko

Kwa dada yangu mpenzi Mnasipa, Kopai, kando ya ziwa.

Furaha ikutangulie, dada, kabla hujasoma neno lolote. Mimi ni mzima, mke wangu Erato ni mzima, watoto wanakula kama nzige, na homa ya mwaka huu Apolo ametuepusha nayo. Nataka sana kujua goti lako linaendeleaje, na kama shemeji Deksipo ameacha kulala kwenye matete yenye maji akilinda mitego yake. Mwambie ujana ukienda haurudi. Barua hii nimempa mbeba chumvi anayekuja huko. Mpe uji wa shayiri, maana huyo hashibi.

Sasa keti kwanza. Umeketi? Dada, nimeingia Baraza! Mimi Saugene, niliyekuwa nikinuka samaki hadi mbwa wa mtaa wakinisindikiza hekaluni. Jana nimeapishwa, nimevikwa taji la majani, na mpaka sasa sijalivua. Erato analalamika kwamba nililala nalo na kitanda kizima kimejaa majani. Mwache alalamike.

Sheria yetu unaijua. Anayeuza sokoni hana sauti katika mji huu mpaka akae miaka kumi bila kuuza kitu. Baba yetu aliubebea mji huu ngao, akarudi na kovu la shingo, lakini siku ya kura alisimama nje ya kamba iliyozungushwa uwanja wa wapiga kura, pamoja na wageni na watumwa, kapu la samaki wake, mikunga ya ziwani, miguuni pake. Mimi nilikuwa nimeshika vazi lake. Sijapata kumwona mtu mzima akijifanya anaangalia ndege kwa muda mrefu vile. Ndiyo maana alipokufa nikawaachia wewe na shemeji biashara yote ya samaki, nikajifungia kwenye shamba la shayiri alilokuja nalo Erato, nikaanza kuhesabu miaka.

Na watu wa Thebe walivyo, hawakuniacha nihesabu kwa amani. Nikipita karibu na soko wananipigia kelele, "Mheshimiwa, leo samaki wanono wapo?" Mama muuza vitunguu, yule wa kona ya chemchemi, alikuwa kila mara ananiomba, "Nishikie kapu kidogo, baba, nikajisaidie nirudi," ili nionekane nauza. Nilikuwa naweka mikono nyuma na kukimbia kama mwizi, naye anacheka mpaka machozi yanamtoka. Erato naye akaniambia nimekuwa mwoga kiasi kwamba hata salamu nitaogopa kuijibu, watu wasije wakasema nimebadilishana.

Mwaka wa kumi ulipokaribia kwisha, jirani yangu wa shamba, Ismenodoro, akamwoza binti yake. Huyu ni mfuga farasi, nyumba yake iko juu ngomeni, na ukoo wake unajiita wazao wa meno ya joka yaliyopandwa mji huu ulipoanzishwa. Akanialika. Sikuamini masikio yangu! Nikakuletea habari, nawe ukaniletea yule mkunga mkubwa, mrefu kama nyoka, akiwa hai, amefungwa ndani ya matete mabichi, ambaye punda mwenyewe alikuwa anamwogopa. Nikampeleka arusini kama zawadi. Siku chache baadaye msimamizi wa Ismenodoro akaniletea joho la sufu laini, pamoja na ujumbe kwamba bwana wake hapokei bila kurudisha. Nilifurahi kama mtoto. Nikalivaa kila mahali.

Miaka kumi ilipotimia, nikalivaa hata siku ya kura. Mpiga mbiu akalitaja jina langu kuingia Baraza, akauliza kama kuna mwenye pingamizi. Ismenodoro akasimama, akalinyooshea kidole lile joho. Akasema ndugu wananchi, nguo aliyovaa huyu ilikuwa yangu. Mkunga ametoka kwake, joho limeingia kwake. Kama hiyo si biashara, basi mnieleze biashara ni kitu gani.

Sikia, dada. Nikajua sasa kwamba nilialikwa ili ninaswe, na mtego wenyewe nimeuvaa mabegani. Watu wakaangua kicheko, mmoja akapaza sauti, "Mrudisheni sokoni, wateja wanamsubiri!" Wangemkubalia, ningeanza kuhesabu upya, na kwa umri wangu miaka kumi mingine ningeimalizia kaburini. Nikawaona wale wanaosimama nje ya kamba, mwokaji, fundi viatu, wananitazama mimi tu. Nikamkumbuka baba na ndege wake. Hasira ikanipanda.

Nikalivua joho, nikalikunja vizuri, nikaliweka mkononi. Nikamwuliza Ismenodoro kwa adabu zote yule farasi wake wa kijivu, ambaye mji mzima unamsifu, alimpata wapi. Akavimba. Akasema amepewa na rafiki yake wa Thesalia, rafiki wa tangu enzi za babu zao. Nikamwuliza, naye rafiki huyo alirudishiwa nini? Akajibu kwa majivuno kwamba mtu wa ukoo wake hapokei bure, alimpelekea chungu cha shaba chenye miguu mitatu, kizito, kazi ya mafundi. Nikamwambia, "Aa, kumbe! Basi mzee mwenzangu, vyungu umeanza kuuza lini?"

Kwanza waligeuka kumtazama Ismenodoro. Halafu mzee mmoja wa mstari wa mbele, ambaye ndevu zake zinafika tumboni, akaanza kucheka, akacheka mpaka akapaliwa, ikabidi apigwe mgongoni. Nikapandisha sauti kabla hawajatulia. Nikasema, wazee wangu, kama zawadi ikijibiwa kwa zawadi ni biashara, basi hapa hakuna hata mmoja asiyeuza. Tokeni wote nje ya kamba, mimi na ninyi, tukutane tena baada ya miaka kumi. Na kama ni heshima mkifanya ninyi, basi ni heshima nikifanya mimi. Mikono ikapanda, dada! Ilipanda mbele, ikapanda nyuma, na kule nje ya kamba mwokaji na fundi viatu wakainua ya kwao pia, ingawa hakuna wa kuihesabu. Nililia. Sioni haya kukuambia, nililia mbele ya mji mzima.

Sasa lipo jambo ambalo Erato nimemkataza kulitamka hata kisimani, nawe ulifiche. Asubuhi baada ya ile arusi, Erato alikwenda sokoni akarudi na mkunga, akiringa kwamba amempata kwa bei nzuri pembeni kabisa, kwa mtu mwenye haraka. Nilipoyafungua yale matete nikakutana na fundo lako. Fundo la baba, lile la kupindisha mara mbili, ambalo hakuna mwingine anayelijua duniani isipokuwa wewe na mimi. Aliyemuuza ni msimamizi wa Ismenodoro, kwa amri ya bwana wake. Tulimla, na alikuwa mtamu kweli.

Kwa hiyo siku ile nilisimama mbele yao na lile tete lenye fundo limefichwa kiunoni, maana Erato, asiyemwamini jirani, alinilazimisha kulibeba, na alikuwa amekwisha kumpata shahidi wa mauzo yale. Neno moja tu, na mzao wa joka angetolewa nje ya kamba kabla yangu. Mkono ulikwenda kiunoni, ukarudi mtupu. Ningelitoa, wangebaki kubishana mkunga ni wa nani, nami nilitaka wanijibu kama mimi ni mwenzao. Tena nayajua mambo ya kule nje, dada. Simwombei mtu yeyote hayo, hata yule.

Lakini nami ni binadamu. Jana tulipoingia Barazani, nafasi pekee ilikuwa kando yake, naye alikuwa ametandaza vazi lake kwenye benchi lote. Nikamwekea lile tete kwenye kiganja, nikamwambia polepole kwamba samaki wake tulimfurahia sana nyumbani. Alilitazama lile fundo, akanitazama mimi, uso ukamwiva. Kisha akakusanya vazi lake na kusogea, akasogea tena, mpaka nikakaa kwa raha zangu zote.

Nisalimie shemeji na wote wa ziwani. Nenda kaburini kwa baba, ummwagie divai, umsomee barua hii yote kwa sauti.

Ndimi nduguyo akupendaye,

Saugene, mwana wa Mnasoni muuza mikunga, mjumbe wa Baraza la Thebe.