Nilichomtafsiria Mnunuzi wa Ndege

Jumanne, Sanyuanli

Nimemdanganya mnunuzi, na Baba hajui.

Viza zetu za Kichina zinaisha Ijumaa, polisi wanakagua pasipoti hadi kwenye ngazi zetu. Baba asipouza ndege ndogo aliyoiunda kwa injini ya gari, hatuna nauli ya kurudi Mwanza.

Mnunuzi, ambaye tunamwita laoban, yaani bosi, aliuliza kama injini imewahi kuzima angani. Kichina cha Baba kinaishia kwenye bei, kwa hiyo natafsiri mimi.

"Mwambie ukweli, mwanangu. Imezima mara mbili, na sijajua kwa nini."

Nikasema haijawahi.

Laoban akacheka. "Vizuri! Jumapili nitampandisha binti yangu."

"Anasemaje?" Baba akauliza.

"Ameipenda."

"Umeona? Ukweli haufukuzi mteja."

Namba ya laoban ninayo. Nikimpigia, hatanunua; nisipompigia, Jumapili binti yake atapanda.