Nenosiri la Kituo cha Damu

3 Machi

Mjomba wangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na kwamba goti limeacha visa vyake. Mimi sijambo, mama naye hajambo. Anakusalimu sana na anauliza kwa nini hupigi simu.

Kazi nimepata! Niko kituo cha damu, chumba cha kumbukumbu, karibu na majokofu yanayounguruma kutwa. Natoa taarifa kutoka kwenye hifadhidata ya wachangiaji: nani alichangia, kundi gani, vipimo vilisemaje. Yale uliyonifundisha mezani kwako, kwenye lile dirisha jeusi la amri, ndiyo yanayonilisha sasa. Wenzangu wanabofyabofya kwa kipanya. Mimi naandika mstari mmoja, nimemaliza. Hata nenosiri nimelibandika humohumo kwenye amri, nyuma ya ile -p ya kudai nenosiri, nisiulizweulizwe. Napiga kitufe, niko ndani. Mpwa wako si mchezo!

Asante, Mjomba. Bila wewe ningekuwa bado nazunguka na bahasha ya vyeti kwapani.

Mpwa wako

11 Machi

Mpwa wangu,

Marahaba, mama. Goti linanisumbua ninapopanda ngazi tu, kwa hiyo nimeacha kupanda ngazi. Mwambie dada yangu kwamba simu yake nayo inaweza kupiga.

Barua yako niliisoma nikicheka kwa furaha, mpaka nilipofika kwenye -p. Hapo chai ilinipalia.

Usiandike nenosiri ndani ya amri, tafadhali. Kompyuta inakumbuka kila mstari unaoandika na kuuweka kwenye faili la historia. Nenosiri lako limelala humo, halina hata shuka. Tena seva hiyo, ile kompyuta kuu ya kituo, mnaitumia wengi. Yeyote aliyeingia anaweza kuuliza ni amri zipi zinaendeshwa sasa hivi, na ya kwako ikamtokea nzima nzima. Zipo programu zinazojitahidi kulificha, lakini kabla hazijalificha kuna mwanya, na mwanya huo unamtosha mwenye nia mbaya.

Andika -p peke yake, nyuma yake usiweke kitu. Itakuuliza, nawe utaliandika bila hata herufi moja kuonekana. Kwa zile kazi zinazojiendesha zenyewe, liweke kwenye faili la mipangilio ndani ya folda yako, kisha funga ruhusa ulisome wewe tu. Uombe pia akaunti ya kusoma tu. Mtoa taarifa uwezo wa kufuta wa nini? Na lile nenosiri la zamani ulibadilishe. Kulifuta kwenye historia hakutoshi, maana hujui limeshanakiliwa wapi.

Najua nina maneno mengi. Nivumilie.

Mjomba wako

2 Aprili

Mjomba,

Shikamoo. Hatujambo wote, na mama anasema atapiga akipata nafasi, jambo ambalo mimi na wewe tunajua maana yake.

Nikuambie kweli, nilikunja uso. Nikasema, Mjomba naye! Hapa kuna mwizi gani? Ila maneno yako yakakataa kunitoka. Nikamwomba jirani yangu wa meza, tunamwita Mpole, aingie kwenye seva kwa akaunti yake na kutazama amri zinazoendeshwa. Mimi nikaanzisha taarifa yangu ndefu. Mpole akageuza kioo chake kunielekea.

"Hili ndilo nenosiri lako?"

Ndilo.

"Kwa hiyo na langu huwa linaonekana hivi?"

"Hivihivi."

Tulikwenda pamoja kwa bosi wetu, mama mwenye sura kali ila msikivu kweli. Alitusikiliza mpaka mwisho, akasema, "Mnangoja nini? Badilisheni leo." Sasa nina nenosiri jipya, faili langu limefungwa, na akaunti yangu inasoma tu. Mpole anakushukuru. Anasema akikuona atakununulia soda, tena baridi.

Mpwa wako

19 Agosti

Mjomba wangu,

Shikamoo, na uniwie radhi kwa ukimya. Barua zako zote nilizipata, lakini tulikatazwa kusema lolote mpaka uchunguzi uishe. Sasa umeisha.

Mtu aliingia kwenye seva yetu. Alipitia akaunti ya mfanyakazi aliyeacha kazi zamani, ambayo hakuna aliyekumbuka kuifunga. Akakaa humo kimya, akichungulia amri za watu na kupekua mafaili yaliyoachwa wazi. Wenzetu wa stoo walikuwa bado wanaandika nenosiri kwenye amri. Hifadhidata yao aliifuta yote, ikabidi irudishwe kutoka kwenye nakala ya akiba.

Kisha akaja kwetu. Wachunguzi walinionyesha. Mahali fulani alikuwa ameokota nakala ya kale ya historia yangu, ambayo hata sikujua ipo, na ndani yake nenosiri langu la kwanza. Akalijaribu, akakataliwa. Akajaribu tena, akakataliwa tena. Kwa wachangiaji hakuingia.

Habari zilipoenea, watu wakaanza kuja kuuliza. Mwanamke mmoja alisimama mlangoni ameukumbatia mkoba wake. Jina lake sikutajii, hata wewe.

"Nilichangia hapa," alisema, "halafu nikaitwa nikapewa majibu ya vipimo vya damu yangu. Nyumbani hakuna anayejua. Binti, yametoka?"

"Hayajatoka, mama. Hakuna aliyeyaona."

"Una hakika? Au unanituliza tu?"

"Nina hakika. Nimeangalia kwa macho yangu."

Akaketi. Akalia, akanishika mkono, hakuuachia upesi. "Mungu akubariki," alisema, "wewe na aliyekufundisha."

Mjomba, nakutumia shukrani zake kama zilivyo. Zangu sijui nizipakie kwenye nini.

Mpwa wako

27 Agosti

Mpwa wangu,

Marahaba. Mama yako yuko hapa; alichoka kungoja simu yangu, akaja mwenyewe. Nilimsomea barua yako kwa sauti. Mambo ya seva alisikiliza kwa adabu tu. Ila nilipomaliza aliuliza, "Na yule mwanamke anaendeleaje?" Nikamwambia nitakuuliza.

Mpwa wangu, tangu nistaafu watu wananisalimu vizuri na kunipisha kiti, lakini hakuna anayeniuliza juu ya kazi niliyoifanya maisha yangu yote. Wewe uliniandikia. Ukakunja uso, ukabisha, halafu ukaenda ukajaribu mwenyewe. Asante sana. Ningesema zaidi, lakini dada yangu ananichungulia begani.

Mjomba wako

14 Oktoba

Mjomba,

Shikamoo. Mwambie mama jibu lake ndilo hili.

Yule mwanamke alikuja jana, na hakuwa peke yake. Alikuwa na mwanamume mrefu mwenye macho ya upole. "Huyu ni mume wangu," alisema, "na huyu ndiye binti niliyekuambia." Yule bwana akavua kofia, akanipa mkono.

Amemwambia mwenyewe, Mjomba. Kwa mdomo wake, siku aliyoichagua yeye.

Mpwa wako